Jibu: Mng'ao ukififia, je, ni glukosi kweli?

Mkuu mleta uzi, umesema umechemsha juisi ya ndimu ukapata maji ya kahawia yanayong'aa bluu chini ya taa ya urujuanimno, na ukitia glukosi (aina ya sukari iliyo kwenye damu) mng'ao unafifia. Unauliza kama mradi wako wa mwaka wa mwisho umekamilika, na kama unaweza kumpimia mama yako sukari. Bado, mkuu. Nami nilifurahi mapema hivyo hivyo nilipokuwa nafanya uzamili wa kemia.

Mimi nilitumia asidi sitriki na ethilinidiamini, nyuzi 200 kwa saa 5 ndani ya chombo cha chuma kisichopitisha mvuke. Mng'ao ulikuwa mkali ajabu. Nilipokuja kuutia mchanganyiko kwenye mfuko wa dayalisisi (utando unaopitisha molekuli ndogo tu) na kuuloweka kwenye maji, kesho yake maji ya nje ndiyo yaliyong'aa zaidi! Sehemu kubwa ya ule mwanga ilitoka kwenye molekuli ndogo zilizopenya utando, si kwenye chembe nano, yaani vile vipunje vidogo mno vya kaboni tunavyovitafuta. Vipimo vya wiki 3 nikavitupa. Kwa hiyo safisha kwanza, ukibadilisha maji mpaka ya nje yasing'ae tena.

Tuje kwenye glukosi. Chembe za ndimu peke yake haziijui. Inayoijua ni glukosi oksidesi, kimeng'enya kinachoiunganisha na oksijeni na kutoa asidi glukoniki na peroksidi ya hidrojeni. Peroksidi hugeuza chuma kilichotiwa kwenye mchanganyiko, chenye chaji 2, kuwa cha chaji 3, na hicho ndicho huzima mng'ao. Wengine hutumia asidi boroniki inayoishika glukosi bila kimeng'enya, lakini fruktosi, sukari ya matunda, huishika asidi hiyo kwa nguvu zaidi.

Wewe hukutaja kimeng'enya wala chuma. Basi leo hii chukua chupa nyingine ya maji yako yanayong'aa, utie maji matupu kwa ujazo uleule wa glukosi. Msimamizi wangu ndiye aliyenishtua kwa kuniuliza kama nimefanya jaribio hilo. Mng'ao ukififia vilevile, basi glukosi haikufanya kitu, ulikuwa unauzimua mchanganyiko kwa maji tu.

Kupima mkojo wa mama usikukimbilie: unang'aa wenyewe, na vitamini C iliyomo hula peroksidi, sukari ikaonekana ndogo kuliko ilivyo. Mama aendelee kupimwa kidoleni. Kabla ya kula asubuhi, kuanzia 7.0 mmol/L huhesabiwa kisukari, na 5.5 ni kawaida. Mng'ao wa kukadiria kwa macho hautenganishi hizo mbili.

Matokeo ya chupa ya maji yaweke hapa, na ujazo uliotumia, tuyaangalie pamoja.