Mbinu iliyofaulu kwingine: yafanye haya kabla ya kuiandikia sera

SWALI: Mimi ni afisa mipango katika idara ya elimu. Viongozi wetu wamerudi kutoka ziara ya mafunzo nje ya nchi wakiwa wamevutiwa na programu ya kufundisha kusoma, ambayo watoto hugawanywa kwa uwezo wao badala ya darasa. Nimepewa miezi mitatu kuandaa rasimu ya sera, mpango wa mafunzo ya walimu na hati ya makubaliano na shirika lililoianzisha. Nianze na lipi? Na nitajuaje kuwa kilichofaulu kule kitafaulu kwetu?

JIBU: Agizo ulilopewa lina jibu tayari, lakini swali lake halijaandikwa popote. Kwa hiyo mwezi wa kwanza utumie kuandaa ukurasa mmoja tu: watoto gani hawasomi, wako darasa la ngapi, na wamekwama wapi. Usitegemee mtihani wa taifa kwa kazi hii. Mtihani wa maandishi humpima mtoto anayeweza kulisoma swali. Asiyeweza hupata sifuri, na sifuri haikuambii kama ameshindwa herufi au ameshindwa aya. Tumia kipimo cha mdomo cha ngazi tano, kama kile cha tathmini ya ASER ya India iliyoanza 2005, ambacho Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walikichukua na kukitumia Afrika Mashariki: hajui herufi, anajua herufi, anasoma neno, anasoma aya, anasoma hadithi fupi. Kila mtoto hupimwa peke yake, kwa dakika chache, mbali na wenzake wasije wakamnong'oneza.

Kwenye sampuli ndipo wengi huteleza. Watoto wa shule moja hufanana, kwa hiyo kuongeza mtoto wa ishirini katika shule ile ile hakuongezi habari nyingi. Chukua watoto 600 katika shule 30, yaani 20 kila shule. Ikiwa mfanano wao ndani ya shule ni 0.1 (0 ni hawafanani kabisa, 1 ni wanafanana wote), sampuli yako ina uzito wa watoto 207 hivi waliochaguliwa mmoja mmoja, na asilimia utakayoipata inaweza kupotoka kwa karibu pointi 7 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Watoto 600 hao hao ukiwapata katika shule 60, yaani 10 kila shule, uzito unapanda hadi 316 na upotokaji unashuka hadi pointi 5.5. Hesabu yenyewe ni fupi: idadi ya watoto kwa shule toa 1, zidisha kwa mfanano, ongeza 1, kisha gawanya jumla ya watoto kwa jibu hilo. Mafuta ya gari yataongezeka, lakini ukibanwa na bajeti, punguza watoto kabla ya kupunguza shule.

Ukurasa huo ukikamilika, fungua programu yenyewe sehemu moja baada ya nyingine. Kwa kila sehemu jiulize: hii ikiondolewa, mtoto bado atajifunza kusoma? Katika mbinu ya kufundisha kwa kiwango cha mtoto, iliyokuzwa na Pratham, shirika lisilo la kiserikali la India, kiini ni vitu vinne: kupima kila mtoto mwanzoni, kuwapanga upya kwa uwezo, kutenga muda wa kila siku ambao haugusi silabasi, na kuwa na mtu anayemtembelea mwalimu darasani na kumsaidia. Kadi za rangi, nyimbo, hadithi na jina la programu ni vya kubadilisha mpendavyo. Hadithi ni lazima zibadilishwe, maana mtoto anayejifunza kusoma anahitaji maneno anayoyasikia nyumbani. Ajabu ni kwamba mara nyingi hufanyika kinyume. Kadi na nembo hunakiliwa kwa uaminifu mkubwa, na ile saa ya kila siku inaachwa kwa sababu ratiba imejaa.

India yenyewe inaonyesha matokeo ya kuiacha saa hiyo. Katika majimbo ya Bihar na Uttarakhand, walimu wa serikali walipewa mafunzo na vifaa. Pale walipoachiwa hivyo tu, usomaji wa watoto haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Walimu hawakuikataa mbinu. Walirudi kumaliza silabasi, kwa sababu hilo ndilo walilokuwa wakiulizwa. Huko Haryana, katika mwaka wa masomo wa 2012–2013, ilitengwa saa maalumu ya kusoma kila siku, watoto wakapangwa upya kwa uwezo wakati wa saa hiyo, na wasimamizi wa karibu wakafundisha wenyewe kwa mbinu hiyo kabla ya kutumwa kuwasimamia walimu. Hapo usomaji ukapanda. Mbinu ilikuwa ile ile na waajiri wa walimu walikuwa serikali pande zote. Tofauti ilikuwa saa na msimamizi.

Baada ya kiini, andika orodha ya masharti yaliyokuwepo kule bila mtu kuyataja, na hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mfano unaofundisha zaidi unatoka Marekani. Jimbo la Tennessee lilianza jaribio mwaka 1985 likilinganisha madarasa ya watoto 13 hadi 17 na ya watoto 22 hadi 25, na madarasa madogo yakafanya vizuri. Mwaka 1996 California ikaamua kupunguza madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi hadi watoto 20 katika jimbo zima, na utekelezaji ukaanza ndani ya miezi michache. Walimu walihitajika kwa maelfu kwa mara moja, kwa hiyo idadi ya walimu wasio na sifa kamili ikapanda, hasa katika shule za maskini. Vyumba navyo havikutosha, na maktaba na vyumba vya muziki vikageuzwa madarasa. Tennessee shule ziliingia kwenye jaribio zikiwa na nafasi na walimu wa kutosha, ndiyo maana hakuna aliyeyaorodhesha mambo hayo mawili kama sehemu ya programu. Kwa mbinu yako, masharti ya namna hiyo huenda ni haya: mwalimu anakuwepo shuleni siku nyingi za wiki, mtoto naye anakuja, lugha ya kufundishia ni ile anayoielewa, na kuna vyumba au vivuli vya kutosha kuwagawa watoto wa madarasa matatu kwa makundi manne kwa wakati mmoja. Kila sharti liwekee neno moja: lipo, halipo, linawezekana. Likiwepo hata moja la "halipo", sera isubiri.

Uliza pia nani alitekeleza. Kenya, walimu wa mkataba walioajiriwa katika jaribio lililoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali walileta matokeo mazuri. Mpango huo ulipopanuliwa, shule ziligawanywa kwa kura ya bahati nasibu, baadhi zikawa chini ya shirika na nyingine chini ya serikali. Matokeo yalionekana upande wa shirika tu. Kwa hiyo ripoti yoyote utakayoletewa, kabla ya kutazama ukubwa wa mafanikio, tazama waliolipwa kuyaleta walikuwa waajiriwa wa nani, walisimamiwa na nani na kila baada ya siku ngapi.

Kuhusu nchi zinazoongoza katika majedwali ya kimataifa, neno moja linatosha. Ufini iliyong'ara kwenye PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, mwaka 2000 ilikuwa inavuna mageuzi yaliyoanza 1972, yaliyosambazwa hatua kwa hatua kuanzia kaskazini, pamoja na uamuzi wa mwaka 1979 wa kudai shahada ya uzamili kwa walimu. Mgeni anayeingia darasani leo haoni kilicholeta matokeo yale.

Viongozi wako wameshasafiri, kwa hiyo ziara hairudiwi, lakini simu zipo. Tafuta mwalimu mkuu mmoja na mhasibu mmoja wa programu kule, si mkurugenzi. Mwalimu mkuu muulize walichokijaribu wakakiacha, nani aliyepinga, na wiki ya kawaida inakuwaje wageni wasipokuwepo. Mhasibu muulize ni gharama gani haikuwemo kwenye andiko la mradi. Majibu ya mhasibu huwa ndiyo yenye faida zaidi.

Na gharama inayosahaulika karibu kila mahali ni ya ufuatiliaji. Mafunzo ya walimu yana mstari wake kwenye bajeti, na uchapaji pia. Sasa piga hesabu hii: mfuatiliaji mmoja mwenye shule 10, akizuru kila shule mara 2 kwa mwezi, ana ziara 20. Hizo ni karibu siku zake zote za kazi. Kwa shule 200 unahitaji watu 20 wasiofanya kazi nyingine yoyote. Ukiwakabidhi wakaguzi waliopo, wenye fomu na ripoti zao, ziara zitakuwa mbili kwa muhula na mbinu itakufa polepole huku karatasi zikisema inaendelea. Andika gharama zote kwa mwaka wa nne pia, mwaka ambao mfadhili atakuwa ameondoka.

Kabla ya sera, ijaribuni mbinu katika shule chache. Majaribio hayo yaendeshwe na watu wenu wa kawaida, kwa mishahara ya kawaida, bila posho ambazo hamtaweza kuzilipa baadaye. Shule zichaguliwe kwa kura hadharani: zingine zianze mwaka huu, zingine mwaka ujao. Hakuna anayenyimwa, na mnapata kundi la kulinganisha. Meksiko ilifanya hivyo katika programu yake ya ruzuku kwa familia iliyoanza 1997: vijiji 320 vilitangulia na 186 vikafuata, na ushahidi uliopatikana uliisaidia programu kuvuka mabadiliko ya serikali ya mwaka 2000. Kwa upande wenu, shule 40 kwa 40, watoto 20 kila moja, kwa mfanano ule ule wa 0.1, zinaweza kuonyesha tofauti ya pointi 12 hivi. Iliyo ndogo zaidi ya hapo itawapita, isipokuwa mpime watoto wale wale kabla na baada. Kabla ya siku ya kwanza, andikeni na kusaini kiwango kitakachowafanya mwendelee, kiwango cha kurekebisha na kiwango cha kuacha. Kiwango kinachoandikwa baada ya matokeo kutoka hufuata matokeo.

Sasa sera. Usianze na rasimu ndefu. Waraka wa kiutawala unatosha kwa majaribio, na unabadilishwa bila kupitia vikao vikubwa. Chenye nguvu kuliko sera yoyote ni fomu ya mkaguzi. Kama fomu inauliza mwalimu amefika mada ya ngapi, mwalimu atafundisha mada. Ongeza humo swali la idadi ya watoto waliopanda ngazi tangu upimaji uliopita, na waraka utoe ruhusa ya wazi, kwa maandishi, ya kuchelewa kwenye silabasi kwa saa zilizotengwa. Bila ruhusa hiyo unamwomba mwalimu avunje agizo moja ili atekeleze jingine. Kisha tafuta nyaraka za zamani zinazopingana na huu mpya na uzitaje kwa namba.

Hati ya makubaliano iandike mwisho. Azimio la Paris la 2005 kuhusu ufanisi wa misaada lina misingi mitano inayofaa kuwa kipimo cha vifungu vyako: umiliki wa nchi, kufuata mifumo ya nchi, wafadhili kupatanisha taratibu zao, kusimamia kwa matokeo, na kuwajibishana. Azimio hilo lilitaka pia kupunguzwa kwa vitengo vya mradi vinavyoendeshwa pembeni ya wizara, na kifungu hicho kishikilie kwa nguvu. Kitengo cha pembeni huchukua maafisa wako wazuri kwa mshahara wa juu, na mradi ukiisha utaalamu unaondoka nao.

Vifungu ambavyo washirika hupenda viachwe jumla jumla, wewe vitaje kwa undani. Takwimu ghafi za watoto ni za nani, zinahifadhiwa wapi, na nani anaweza kuchapisha matokeo mabaya. Vifaa vya kufundishia mnaruhusiwa kuvichapa upya na kuvitafsiri baada ya mkataba kwisha, au kila nakala itahitaji kibali? Posho zifuate viwango vya serikali, vinginevyo semina zitajaa na madarasa yatabaki matupu. Weka ratiba ya kukabidhiana kazi: kwa mfano mwaka wa kwanza wakufunzi wa shirika waongoze na wenu wasaidie, wa pili wabadilishane, wa tatu wa shirika waje kwa mwaliko tu. Na pande zote mbili ziwe na haki ya kusitisha majaribio pale kile kiwango cha kuacha kilichosainiwa kitakapofikiwa.

Kwa miezi mitatu uliyopewa, mwezi wa kwanza unamezwa na upimaji na ule ukurasa mmoja. Wa pili ni wa kiini, masharti, simu na gharama. Wa tatu ni wa waraka wa majaribio na rasimu ya hati. Kwa hiyo utakachopeleka mezani ni waraka wa kurasa tatu, jedwali la gharama hadi mwaka wa nne na hati yenye vifungu hivyo. Sera yenyewe haitakuwemo. Mweleze mkubwa wako hivyo katika wiki ya kwanza, ukiwa na tarehe ya kura ya shule mkononi. Kiongozi anayengoja sera hukubali kwa urahisi zaidi akioneshwa siku ambayo shule zitaanza.