Perry ni Mreno wa wapi? Kumtafuta babu kwenye vitabu vya parokia

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Fall River, Massachusetts. Watoto wangu wawili wamepewa kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo. Upande wangu tumemaliza kwa simu mbili kwa bibi. Upande wa baba yao tumekwama. Jina la ukoo ni Perry, lakini wakwe zangu wote husema asili yao ni Ureno, "Fayal". Baba yake babu wa mume wangu alikuja huku kijana, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, akafanya kazi kiwanda cha nguo, akafariki 1961. Mama mkwe ametunza kitabu chake cha sala, na nyuma kimeandikwa kwa wino: "José, 14 de 7bro 1888, Ribeirinha". Nimemtafuta Perry wa Julai 1888 kwenye tovuti za Ureno, sipati kitu. Wifi yangu ananiambia nisijisumbue, eti jina lilibadilishwa Ellis Island, kile kituo cha kupokelea wahamiaji New York, na karatasi zimeshapotea. Tena marehemu alikuwa na kaka yake wa damu aliyeitwa Rose, naye sielewi anaingiaje. Nianzie wapi?
— Mama wa wawili, Fall River

JIBU: Marahaba, mama. Wengi wanaoniletea ukoo wa Kireno huja na neno moja tu, "Azores", na Azores ni visiwa tisa vya Ureno katika bahari ya Atlantiki. Wewe una jina la ubatizo, siku, mwaka na kijiji, vyote katika mstari mmoja. Hapo kazi kubwa imeshafanyika. Kilichokukwamisha ni kwamba mstari wenyewe una mitego miwili, na jina Perry ni mtego wa tatu.

Mtego wa kwanza ni hiyo 7bro. Si Julai, ni Septemba. Setembro ya Kireno imebeba saba ya Kilatini ndani yake, kwa kuwa kalenda ya kale ya Warumi ilianza Machi na huo ukawa mwezi wao wa saba. Mapadri na makarani waliotaka kuokoa wino waliandika 7bro kwa Setembro, 8bro kwa Outubro, 9bro kwa Novembro, na 10bro au Xbro kwa Dezembro. Sisi tunaotaja miezi kwa namba ndio tunaonaswa kirahisi, maana kwetu mwezi wa saba ni Julai na hakuna mjadala. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii nilipekua Agosti za miaka mitano mfululizo nikimtafuta mtoto wa 8bro. Alikuwa ametulia zake kwenye Oktoba ya mwaka wa kwanza.

Sasa jina. Hukumpata Perry kwa sababu hakubatizwa Perry, na kwa kweli hakubatizwa na jina la ukoo lolote. Katika vitabu vya ubatizo vya Ureno vya wakati ule mtoto hupewa jina lake tu: José, Maria, António. Jina la ukoo alilichukua baadaye, akikua, kutoka kwa baba, mama, babu, au hata mtu wa ubatizo wake. Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja kubeba majina mawili tofauti halikuwa jambo la ajabu. Huyo Rose wako huenda ni da Rosa, amelichukua upande wa mama au bibi, na mdogo wake akachukua Pereira. Usimtoe kwenye mti. Mara nyingi ndugu mwenye jina tofauti ndiye anayekuonyesha jina la upande wa mama.

Pereira kuwa Perry ni jambo la kawaida mno New England, yaani majimbo ya huko kwenu kaskazini-mashariki. Rodrigues waligeuka Rogers, Silva wakawa Sylvia, Oliveira wakawa Oliver, Reis wakawa King kwa tafsiri ya moja kwa moja, maana reis ni wafalme. Pereira maana yake ni mti wa pea. Neno lao pêra ndilo tulilolichukua sisi Waswahili tukalibandika kwenye tunda jingine, pera. Kwa hiyo waambie watoto kwamba kwa Kiswahili cha Tanga wao ni ukoo wa Mpera, watacheka.

Hadithi ya wifi yako kuhusu Ellis Island naisikia karibu kila wiki. Makarani wa pale hawakuwa wakiwapa watu majina. Walikuwa na orodha iliyoandaliwa na kampuni ya meli tangu ng'ambo, wakaihakiki. Isitoshe, watu wengi wa Azores hawakupita Ellis Island kabisa: walishuka Boston, New Bedford au, kuanzia 1911 meli za Fabre Line zilipoanza kutia nanga, Providence, mwendo mfupi kutoka hapo mlipo. Jina lilibadilika taratibu baadaye, kwa msimamizi wa kiwanda, kwa mwalimu wa watoto, kwa karani wa sensa aliyesikia "Pereira" akaandika alichosikia. Kwa hiyo orodha ya meli itafute kwa jina la Kireno, na vyeti vya uzeeni kwa jina la Kimarekani.

Mtego wa pili ni Ribeirinha, maana yake kijito. Panapoitwa hivyo pako kwenye visiwa vinne: pako Faial, pako Pico, pako Terceira, na pako São Miguel. Utasema, si wakwe wametaja Fayal? Wametaja, na Faial ndipo utakapoanzia. Lakini neno hilo lilitumika kwa ulegevu. Horta, mji wa Faial, ulikuwa bandari ambako meli za kuvua nyangumi kutoka New Bedford zilisimama kuchukua maji, mboga na vijana wa kazi, na watu wa visiwa vya jirani walipandia hapo hapo. Mtu wa Pico angeweza kuitwa wa Fayal Marekani nzima, asijali kusahihisha. Karatasi za zamani zaidi zitakuambia tu "Western Islands", yaani Azores.

Ndiyo maana nakusihi usivuke bahari bado. Kabla ya kufungua kitabu chochote cha Ureno, unahitaji karatasi ya Marekani inayokutajia wazazi wake. Bila hiyo utampata José wa Septemba 1888, utafurahi, na pengine si wako. Kijiji kimoja kilikuwa na akina José wengi kama mtaa wetu ulivyo na akina Juma.

Cheti cha kifo cha 1961 kiombe kwa karani wa mji wa Fall River. Kitakuwa na majina ya baba na mama, ingawa mtoa habari alikuwa mtoto au mkwe, kwa hiyo yapokee kwa tahadhari. Cheti cha ndoa, kama alioa hapo, kina nguvu zaidi kwa kuwa aliyajaza mwenyewe akiwa hai. Ukiona baba ameandikwa Manuel Perry na mama Mary Rose, kichwani soma Manuel Pereira na Maria Rosa au Maria da Rosa. Ukiona Maria de Jesus, Maria da Conceição au Rosa do Espírito Santo, usiende kutafuta ukoo wa Yesu. Hayo ni majina ya ibada waliyopewa wasichana, na mara nyingi hayakurithiwa kutoka kwa yeyote.

Kuna kadi ya usajili wa jeshi ya 5 Juni 1917, iliyowahusu wanaume wa miaka 21 hadi 30, raia na wageni. Wako alikuwa na 28. Kadi ya siku hiyo iliuliza mji wa kuzaliwa, na sahihi yake huenda iko chini kwa mkono wake mwenyewe. Ilinganishe na mwandiko wa kitabu cha sala. Alisajiliwa tena bila shaka Aprili 1942, wazee wa miaka 45 hadi 64 walipoandikishwa, na kadi hiyo nayo ina mahali pa kuzaliwa. Kama aliomba uraia baada ya 1906, faili lake lina tarehe, mji na mara nyingi jina la meli. Kama hakuomba, na Wareno wengi hawakuomba, basi 1940 alilazimika kujiandikisha kama mgeni. Fomu ya hifadhi ya jamii, iliyoanza 1936, inataja baba na mama kwa jina lake la usichana. Agiza nakala ya fomu yenyewe, si muhtasari.

Lakini karatasi ninayoipenda kuliko zote kwa watu wa eneo lenu ni gazeti. New Bedford palikuwa na gazeti la kila siku la Kireno, Diário de Notícias, lililodumu hadi 1973, na Chuo Kikuu cha Massachusetts Dartmouth kimeliweka mtandaoni bure. Tafuta wiki ile aliyofariki, chini ya Pereira na chini ya Perry. Tangazo la msiba la Mreno halitaji "Ureno" tu. Hutaja natural da Ribeirinha, "mzaliwa wa Ribeirinha", kisha kisiwa, kisha ndugu waliobaki na wanakoishi. Mistari minne kama hiyo inaweza kukumalizia swali la visiwa vinne kwa dakika kumi.

Kisiwa kikishathibitika, ndipo uende Azores, na usiiandikie Lisbon. Uandikishaji wa kiserikali kwa watu wote ulianza Ureno 1911, baada ya jamhuri. Mtoto wa 1888 yuko kwenye kitabu cha kanisa, na vitabu vya Azores viko kwenye nyaraka za visiwa vyenyewe: Horta kwa Faial, Pico, Flores na Corvo, Angra do Heroísmo kwa Terceira, São Jorge na Graciosa, Ponta Delgada kwa São Miguel na Santa Maria. Picha za kurasa ziko bure kwenye tovuti ya Centro de Conhecimento dos Açores, na nyingi ziko pia FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo. Zimepangwa kwa kisiwa, kisha concelho ambayo ni kama wilaya, kisha freguesia, yaani parokia. Hakuna kisanduku cha kuandika Perry. Unafungua kitabu, unafunua kurasa kama uko ofisini kwa padri.

Nakuhakikishia kusoma si kugumu kama kunavyotisha. Vitabu ni vya Kireno, si Kilatini, na tangu 1860 mapadri walifuata muundo mmoja. Ukisoma maingizo matano umesoma yote. Huanza na tarehe ya ubatizo kwa maneno, kisha nesta igreja paroquial, "katika kanisa hili la parokia". Hiyo igreja unaifahamu: wanaisimu wengi husema ndiyo iliyotupa gereza, na padre akatupa padri. Kisha huja jina alilopewa mtoto, saa na siku aliyozaliwa, filho legítimo de, "mtoto wa ndoa wa", na majina ya wazazi, kazi yao, walikozaliwa na walikooana. Mwisho ni neto paterno de na materno de, yaani babu na bibi pande zote mbili. Ingizo moja, vizazi vitatu.

Kumbuka vitabu hufuata siku ya ubatizo, si ya kuzaliwa. Anza 14 Septemba 1888, shuka hadi Novemba. Kama kuna faharasa mwishoni, mara nyingi imepangwa kwa jina la kwanza, kwa hiyo tafuta J. Majina yamefupishwa: Mel ni Manuel, Anto ni António, Frco ni Francisco, Pra ni Pereira, Roiz ni Rodrigues. Na ukimpata José ambaye wazazi wanalingana lakini amezaliwa miaka miwili kabla, tazama vifo vya watoto kwanza. Mtoto akifa, jina lake lilipewa anayefuata.

Baada ya hapo ndoa ya wazazi, miaka michache nyuma. Isome yote. Visiwa ni vidogo, watu walioana ndani kwa ndani, na padri aliandika ruhusa ya kanisa iliyotolewa kwa ndugu wa daraja la tatu au la nne. Ukiiona, ujue matawi mawili ya mti wako yatakutana juu, na usidhani umekosea.

Daftari la pasipoti la Horta lipo pia, na linafaa, ila usilie ukimkosa. Alipoondoka alikuwa wa umri wa jeshi, na kijana wa namna hiyo alitakiwa kuweka dhamana ya fedha kabla ya kuruhusiwa kutoka. Waliokosa fedha walipanda meli usiku.

Ukishafika kwenye ukurasa wenyewe, pakua picha kwa ukubwa wote, pamoja na pambizo, kwa kuwa humo mapadri na makarani waliongeza ndoa na vifo miaka mingi baadaye. Na pakua ukurasa unaofuata hata kama unaona ni wa mtoto mwingine. Ingizo likianzia chini ya karatasi humalizikia nyuma yake, na kinachoangukia nyuma ni yale majina ya babu na bibi.