Barua Kumi na Moja na Meza Moja ya Omena

Juzi dada mmoja ameniandikia kutoka Kakamega. Amehamia huko miezi minne iliyopita, mumewe amepata kazi, na ametuma barua kila mahali akiomba kujitolea. Hakuna anayemjibu. Mwishoni akaongeza: "Nilikotoka nilikuwa mtu wa watu."

Hilo neno lilinichoma. Nami nililisema vilevile Agosti 2024, nimekaa kitandani Migosi, Kisumu, masanduku bado yamefungwa.

Likoni, Mombasa, nilikotoka, nilikuwa mtu wa watu kwelikweli. Msiba ukitokea, daftari la mchango linaletwa kwangu. Harusi, mimi niko jikoni tangu alfajiri. Vikundi viwili vya akina mama vilinipa hela zao niwawekee, na haikupotea hata shilingi. Kisumu hakuna aliyejua hayo, na kusema kweli hakuna aliyeuliza.

Basi nikaandika barua kumi na moja. Nikalipa shilingi 1,050 za cheti cha mwenendo mwema, nikaenda Huduma Centre kutoa alama za vidole. (Hilo silijutii. Ukitaka kukaribia watoto wa watu, uwe nacho kabla hujaulizwa.) Nikamwuliza kijana wa bodaboda ni hospitali gani kubwa inayoweza kunipokea, akasema, "Mama, nenda Russia." Nilidhani ananifukuza nchini! Kumbe ndivyo wenyeji wanavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti.

Kikundi kimoja kikanijibu. Sitakitaja. Sharti la kwanza lilikuwa kununua fulana yao, shilingi 1,200. Siku ya kupanda miti tulikuwa wengi kuliko miche, kila mche umezungukwa na watu watano na simu tatu. Jembe nililishika dakika moja, ile ya picha. Wiki tatu baadaye nikapita hapo kwa matatu, nikashuka makusudi. Miche imekauka, mingine haijatolewa hata kwenye mifuko yake ya plastiki. Nikampigia mwenyekiti, hakupokea. Nikampigia tena. Nilirudi nyumbani nikalia, na si miti niliyokuwa nikiililia.

Aliyenifungulia mlango ni nyanya mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale njia panda karibu na kwangu. Kila mtu anamwita Dani, bibi kwa Kijaluo. Nilikuwa mteja wake wa kopo moja moja. Siku moja, mwezi SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, akanisukumia simu yake ya vibonyezo, imefungwa kwa mpira: "Nyar Mombasa," yaani binti wa Mombasa, "wewe unasoma. Nisajilie hii kitu."

Nikavuta kigoda, nikabonyeza *147#. Usajili wenyewe haukuwa kazi. Kazi ilikuwa yale maswali ya baadaye ya kupima uwezo wa mtu, ili ajulikane atachangia kiasi gani. Nikamwuliza Dani paa la nyumba yake ni la nini.

"Waandikie linavuja."

"Dani, wanataka kujua ni bati au ni nyasi."

"Ni bati linalovuja. Kama hawana mahali pa kuandika kuvuja, wanapima nini?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kesho yake nilikuta akina nyanya saba wamepanga vitambulisho mezani kando ya omena, kila kitambulisho kimewekewa kijiwe kisipeperuke. Nikashinda hapo hadi saa kumi, nikarudi nyumbani mkoba unanuka samaki. Mume wangu akaufungia nje.

Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu alituona. Hawa wana nyumba kama mia moja kila mmoja za kutembelea, na malipo yao ni madogo. Aliniuliza kama naweza kumsaidia kuandika majina siku ya kliniki ya watoto. Tangu hapo kila Alhamisi niko zahanati: napanga foleni, naandika majina, nabeba watoto wa akina mama wanaotafuta kadi iliyopotelea mkobani. Sikuandika barua.

Kwa hiyo, dada yangu wa Kakamega, acha barua. Tafuta mahali ambapo watu tayari wana kazi, ukae hapo. Soko, zahanati, baraza la chifu, msikiti au kanisa lako. Nunua kitu, salimia, kaa. Kesho rudi, salimia, kaa tena. Jifunze salamu za wenyeji hata ukizivuruga. Mimi "oyawore" yangu iliwachekesha mwezi mzima, na kicheko hicho kilinisaidia kuliko vyeti vyangu vyote.

Usikimbilie makao ya watoto kwa sababu ndiyo yanayotajwa kwanza. Tangu 2017 serikali ilisimamisha kusajili makao mapya, kwani wengi wa watoto hao wana jamaa. Mtoto aliyekuzoea Januari utamwambia nini mumeo akihamishwa Juni?

Na anayekutoza pesa ili ukamfanyie kazi ya bure, mkimbie. Nasema kwa uchungu, najua. Sisi tuliozoea kujulikana tuna ugonjwa wetu: tunataka tupokewe ugenini kwa cheo tulichoacha nyumbani. Nani alikwambia unawadai watu wa Kakamega shukrani? Vuta kigoda. Nyamaza. Shika kazi ambayo hakuna anayeipiga picha. Wiki ya tatu utachoka, utajiona mjinga. Rudi wiki ya nne.

Wale wa fulana walinipigia mwezi uliopita. Wana siku nyingine ya miti, wakaniuliza kama fulana bado ninayo. Ipo. Dani anapangusia meza.