Bustani Yako: Oregano Haifi kwa Kiu

Shikamoo bibi shamba. Oregano yangu ya mapambo hapa Ilazo, Dodoma, naimwagilia asubuhi na jioni, lakini majani ya chini yanageuka manjano na shina linaoza. Niweke mbolea gani?

Marahaba. Usiweke chochote, acha maji. Swali hili linaletwa karibu kila wiki, na jibu ni lilelile. Asili ya mmea huu ni milima ya mawe ya Ugiriki na Uturuki, ambako kiangazi mvua hakuna. Chimbua kidogo pembeni ya shina uangalie mizizi. Iliyo hai ni migumu na ina rangi nyeupe. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza, na ukiivuta ganda linachunika. Mmea ulioshika vizuri, kumwagilia mara moja kwa juma kunautosha, maji yazame kweli, na kabla hujamwaga ingiza kidole udongoni kwanza. Mbolea nayo, hasa urea, itaurefusha mpaka ulale chini, na maua utayakosa.

Nzuguni kwetu ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Nichimbe shimo nijaze mchanga?

Hapana. Shimo hilo litatuamisha maji kama beseni. Inua tuta la sentimita 30, changanya udongo na mchanga wa mto na changarawe, tandaza changarawe juu. Panda Machi au Aprili mvua zikielekea kuisha, penye jua la kutwa.

Nimeona mbegu za oregano ya mapambo iitwayo "Kent Beauty" zinauzwa. Ninunue?

Usinunue. Hiyo ni chotara ya *Origanum rotundifolium* na *Origanum scabrum*. Mbegu zake hazitoi mmea unaofanana na mama. Anayekuonyesha picha ya yale majani ya waridi yanayoning'inia na kukupa pakiti ya mbegu anakuibia. Omba kipandikizi kwa mwenye nao: ncha changa isiyo na ua, urefu wa kidole, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini.

Oregano ya mapambo inaliwa?

Inaliwa, ila ladha yake hafifu. Ya jikoni panda ile ya kawaida.

Naweza kuizungushia ukoka?

Ukoka unataka maji kila mara, oregano haiyataki. Mmoja lazima afe. Na kwa nini ukoka? Dodoma tunapata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, Desemba hadi Aprili, basi. Maji mengi ya bomba yanavutwa visimani Mzakwe, mitaa mingine inayapata kwa mgao, halafu mtu anayamwaga kwenye nyasi ili uwanja wake ufanane na wa Masaki, Dar es Salaam! Ng'oa ukoka, weka changarawe, panda vinavyoistahimili Dodoma.

Nyuki wamejaa kwenye maua. Nipulize dawa gani?

Hakuna dawa. Waache wale. Ukipuliza unaua wanaochavusha maboga na matikiti ya jirani yako, na sumu inaweza kufika mzingani. Kama watoto wanacheza hapo, hamishia tuta mbali na mlango.