Ndege ndogo: turbo utaihitaji lini?

Karibu kila anayetaka kununua ndege yake ya kwanza hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, huniuliza achukue ya turbo au ya kawaida. Nimerusha zote, hasa Cessna 182 na 206, ndege za injini moja, na mimi huanza kwa kumuuliza yeye: utarukia viwanja gani, saa ngapi, na utabeba nani?

Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo 182 yenye nguvu farasi 230 inabaki na kama 190 kabla hujaachia breki. Tazama kipimo cha presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Ukiwa Mombasa, ukisukuma throto, yaani wenzo wa kuongeza nguvu, mpaka mwisho, sindano inakaribia inchi 29 za zebaki. Wilson inakwama 24 hivi. Na kwa kuwa hewa ni kidogo, lazima upunguze kwa mkono mafuta yanayoingia kwenye injini kabla ya kuruka, la sivyo inakohoa. Kwenye turbo, moshi wa ekzosi unazungusha turbini, turbini inaendesha pampu inayoshindilia hewa, na injini inafanya kazi kana kwamba bado iko pwani.

Injini tu, lakini. Mabawa hayajui kama una turbo. Hewa ikiwa nyepesi utahitaji kasi zaidi ardhini ndipo ndege inyanyuke, na njia ya kurukia itakwisha upesi kuliko ulivyozoea. Nanyuki, huko nyanda za juu, saa nane mchana, abiria wanne, matenki yamejaa: hata mwenye turbo afungue kitabu cha ndege apige hesabu. Asiye nayo aondoke saa moja asubuhi, hewa ingali baridi na nzito, au apunguze mafuta na mizigo. Kuamka mapema ni bure.

Wauzaji hupenda kusifu mwendo. Ni kweli, juu ya futi 10,000 turbo inaiacha nyuma ile ya kawaida, ila huko juu unahitaji pia oksijeni, na abiria wachache hufurahia kukaa na mirija puani. Wilson hadi Ukunda, pwani, ni kama saa mbili tu kwa 182. Ukipanda mpaka 15,000 utakaa kidogo tu kabla ya kuanza kushuka.

Gharama ndiyo inayouma. Avgas, petroli ya ndege ndogo, kwetu ni ghali na haipatikani kila kiwanja, na turbo inakunywa. Joto nalo linachosha silinda na kupasua mabomba ya ekzosi. Ukitua, iache injini ingurume taratibu dakika chache kabla ya kuizima. Wenye Subaru za turbo wanalijua hilo. Kuna pia kile kibano kinachoshika bomba la ekzosi kwenye turbo. Kikikatika hewani, gesi ya moto inamwagika ndani ya chumba cha injini.

Kama safari zako ni za pwani, wewe na mwenzako na mabegi mawili, nunua 182 ya kawaida na pesa zinazobaki zitie kwenye mafuta. Kama una shamba Laikipia, kiwanja ni cha udongo na huwa unaondoka mchana umejaza watu, turbo utaipenda. Ila kabla ya kulipa, leta fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, afungue kava la injini amulike ekzosi kwa tochi kuanzia silinda ya kwanza hadi ya mwisho.