Altimita inadanganya baada ya matengenezo? Usinunue kitu kwanza

Mkuu, sitisha hiyo oda leo hii. Umesema ndege yenu ndogo, Cessna 206, imetoka kupakwa rangi na kufunguliwa dashibodi, sasa ikiwa angani altimita (kipima kimo) na kipima mwendo vyote vinasoma juu, na fundi kasema vimekufa, ndiyo unauliza bei na wakala. Vife vyote viwili kwa mpigo, tena mara tu baada ya dashibodi kuguswa?

Sisi hapa Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, karakana moja ilituambia hivyo hivyo, kwa kujiamini kabisa. Tukaagiza altimita, ikafungwa, uongo uleule. Tukaagiza kipima mwendo, uongo uleule. Ndege imelala msimu wa watalii, wageni wa Seronera, kule Serengeti, tunawakodia ndege za watu. Kuja kuchungulia nyuma ya dashibodi, mpira wa statiki, ule unaoleta shinikizo la hewa ya nje kwenye vifaa hivyo viwili, haukusukumwa hadi mwisho kwenye kiungio chake, ukiugusa unacheza. Mpira tu! Yule bwana alichukua hela yake bila hata kuinama na tochi. Hadi leo inaniuma, maana ndege ile hubeba watu.

Kabini ya 206 haijazwi hewa, na ikiruka, shinikizo la ndani kwa kawaida huwa dogo kidogo kuliko la nje. Mpira ukivuja, vifaa vinasoma hewa ya kabini badala ya ile ya nje inayoingia kwenye tundu za statiki ubavuni mwa ndege, na vyote viwili vinazidisha. Hiyo ndiyo dalili yako. Tundu zingeziba kabisa, altimita ingeganda palepale uliporukia. Zikague pia, maana mmepaka rangi: mwaka 1996 Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima tundu za statiki zikiwa bado na utepe uliobandikwa wakati wa kuisafisha. Wote 70 walikufa.

Kwa hiyo pima uvujaji kabla ya kununua chochote. Fundi mwenye leseni aunganishe mashine ya kupimia kwenye mfumo wa statiki, avute hewa mpaka altimita ipande futi 1,000, afunge, asubiri dakika moja. Ikishuka zaidi ya futi 100, mfumo unavuja. Simama hapo uone mwenyewe. Na asithubutu kupuliza hewa ya kompresa vifaa vikiwa vimeungwa, atavipasua kweli.

Kubadilisha kifaa nako si kinga. Sensa ya pembe ya hewa (hupima pembe ambayo bawa linakutana na hewa), iliyokuwa imekarabatiwa, iliyofungwa kwenye Boeing ya Lion Air ya Indonesia mwaka 2018 ilipishana na ukweli kwa nyuzi 21; kesho yake ndege ikaanguka na watu 189.

Isiruke mpaka ipimwe, hata wageni wakisubiri. Ukishapima, weka hapa imeshuka futi ngapi, tuufuate mpira kiungio kwa kiungio.