Pokea kwanza, kupiga kutakuja: kwa wadogo zangu wanaoanza mpira wa magongo (hoki) Lubumbashi

Wadogo zangu mliojiandikisha mwezi huu, karibuni. Wengi wenu mmetoka kwenye kandanda ya mtaani, komini ya Kenya, Katuba, Kamalondo, na mmekuja na miguu myepesi na pumzi ya kutosha. Hivyo vitawasaidia sana. Lakini najua ombi lenu la siku ya kwanza, maana kila kundi huja nalo: "Kocho, tufundishe kupiga." Mmetazama mechi za timu za taifa kwenye simu, mmeona Mbelgiji au Mholanzi anaukokota mpira kwa gongo na kuufyatua hadi pembe ya juu ya goli, na roho zenu zimebaki pale. Nitawafundisha. Ila mwezi huu wote tunajifunza kuupokea mpira, na nataka mjue kwa nini.

Shikeni gongo mlitazame. Lina uso mmoja tu, ule bapa, na uso huo uko kushoto. Upande wa pili ni wa mviringo, ukigusa mpira kwa upande huo ni kosa. Hakuna gongo la mtu wa mashoto. Hata ukila na kuandika kwa mkono wa kushoto, utacheza kwa gongo hilo hilo, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Kwa hiyo mpira unaokujia upande wa kulia unakukuta tayari. Unaokujia upande wa kushoto unakulazimisha kusogeza miguu upesi, au kuligeuza gongo kichwa chini ili ule uso bapa uelekee mpira. Ukilielewa hilo utaanza kuelewa kwa nini timu kubwa hupenda kushambulia kupitia kulia kwao, na kwa nini mlinzi mwenye akili hujiweka mahali pa kumlazimisha mshambuliaji aende upande asioupenda.

Halafu kuna mguu. Hapa ndipo wachezaji wa kandanda huteseka. Miaka yote mmefundishwa kwamba mpira ukikuponyoka, mguu unauokoa. Kwenye magongo mguu hauokoi kitu. Ukiuzuia mpira kwa mguu, mwamuzi anapuliza filimbi, na kama wewe ni mlinzi na uko ndani ya D, ile nusu duara iliyochorwa mbele ya goli, umewazawadia wapinzani kona ya penalti, yaani nafasi ya kushambulia goli kwa mpira unaoanzia mstari wa nyuma. Nimeona vijana hodari wakifanya kosa hilo mara nne katika mchezo mmoja, kila mara wakijua ni kosa, kwa sababu mguu unatangulia kabla ya akili. Dawa yake ni kujua kupokea kwa gongo mpaka mguu ukose kazi.

Nitawaambia jambo lililonifundisha mimi mwenyewe. Mwaka wetu wa pili tulikuwa na magongo sita ya kweli, niliyoyanunua yakiwa yametumika upande wa Zambia na kuyavusha mpaka wa Kasumbalesa, na mengine tisa yaliyochongwa na fundi wetu wa mbao kutoka mti wa mpera. Vijana walikuwa wametazama kona za penalti za timu za taifa wiki nzima, wakaiga kila kitu. Yule wa kusimamisha mpira akainama, akalilaza gongo chini kabisa kama alivyoona kwenye simu, akasubiri. Mpira ukasukumwa vizuri kutoka mstari wa nyuma. Ulipokaribia kama hatua mbili ukakuta kijiwe, ukaruka, ukapita juu ya gongo na kumpiga kwenye mfupa wa mguu. Akajaribu tena. Ukaruka tena. Mara ya tano akasimama huku machozi yanamlengalenga, akaniambia, "Kocho, mimi siwezi."

Kumbe alikuwa anaweza. Mimi ndiye niliyekuwa sijafikiri. Kule wanakolaza gongo, uwanja ni nyasi bandia, tena unamwagiliwa maji kabla ya mchezo, na mpira unateleza juu yake kama uko juu ya meza. Sisi tuko juu ya udongo mwekundu wa Lubumbashi, ambao mwezi wa saba ni vumbi na kokoto, na mwezi wa kwanza ni poto-poto. Kwenye uwanja kama wetu gongo lisimame wima, limeinamia mbele kidogo, ili mpira ukirukaruka ukutane na mti kuanzia chini hadi magotini. Jioni ile tulifagia njia nyembamba kutoka mstari wa nyuma hadi juu ya D, tukaokota mawe kwa mikono, tukamwaga bidoni nane za maji, tukashindilia kwa miguu. Kesho yake kijana yule akasimamisha mpira mara saba kati ya kumi, kwa gongo wima. Tangu siku hiyo nikitazama mechi pamoja na vijana, kwanza nawauliza: wanacheza juu ya nini?

Swali hilo lina historia ndefu, na inatuhusu sisi Waafrika. Kombe la Dunia la kwanza la wanaume lilichezwa Barcelona mwaka 1971, juu ya nyasi za kawaida, kukiwa na timu kumi. Pakistan ikalichukua, Hispania ikawa ya pili, India ya tatu. Ya nne ilikuwa Kenya. Nchi ya Kenya, vijana wa komini ya Kenya, msichekelee. Timu ile ilikuwa na watu kama Avtar Singh Sohal, nahodha aliyecheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Timu ya wanaume ya Kenya ilifika Olimpiki mara saba kwa jumla, mara ya mwisho Seoul mwaka 1988.

Katikati ya miaka hiyo uwanja ulibadilika. Montreal, mwaka 1976, kwa mara ya kwanza magongo ya Olimpiki yalichezwa juu ya nyasi bandia. India, iliyokuwa imechukua dhahabu saba kufikia wakati huo, ilimaliza ya saba. New Zealand ikashinda dhahabu. Nyasi za kawaida zilimpendelea mwenye mikono laini, anayejua kuutuliza mpira unaorukaruka na kumzunguka mtu nao. Nyasi bandia zilimpendelea mwenye kasi, mwenye pafu, mwenye pigo zito, na zaidi ya yote mwenye fedha za kuujenga uwanja huo na kuumwagilia. Miaka minne baadaye, Moscow, Tanzania ilicheza Olimpiki ikiwa moja kati ya timu sita, na India ikawafunga mabao 18 kwa bila. Nikiwasimulia vijana hilo huwa kuna anayecheka. Namwambia anyamaze. Wale ni ndugu zetu wanaosema lugha yetu, walisimama uwanjani hadi filimbi ya mwisho, na sisi bado hatujafika pale waliposimama.

Ninachotaka mkishike ni hiki: mikono inayozaliwa kwenye uwanja mbovu ni mikono mizuri. Mpira wetu hauji mara mbili kwa namna moja. Anayeweza kuutuliza hapa, akipelekwa siku moja kwenye nyasi bandia, atahitaji kuzoea kasi, lakini kupokea atakuwa nako tayari.

Sasa, namna ya kupokea. Mkono wa kushoto ushike juu ya gongo kwa nguvu, wa kulia chini yake kwa ulegevu, kama mtu anayepokea yai. Ukikaza mkono wa kulia, mpira unagonga gongo na kurudi kwa adui. Pokea mbele ya mguu wa kulia, si katikati ya miguu, kwa sababu katikati huna pa kuupeleka. Na kabla mpira haujafika, inua macho utazame nyuma ya bega lako mara moja, upesi. Hili la mwisho ndilo linalomtenganisha mchezaji wa taifa na mchezaji wa mtaa. Siku nyingine mkipata mega za intaneti za kutosha, chagueni mchezaji mmoja wa kiungo, mfano Arthur Van Doren wa Ubelgiji, mumtazame yeye tu robo nzima ya dakika 15, hata mpira ukiwa mbali. Hesabuni ni mara ngapi anageuza kichwa. Mtachoka kuhesabu. Mpira unapomfikia, yeye alishaamua kitambo.

Kona ya penalti nayo itazameni kwa jicho hilo. Walinzi wanaoruhusiwa kuizuia ni watano tu, kipa akiwemo, wote wakiwa nje ya mstari wa nyuma. Wenzao wengine wanarudishwa nyuma ya mstari wa kati. Washambuliaji wanasimama nje ya D. Mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, mpira lazima utoke nje ya D kwanza, ndipo mtu aelekeze golini. Kama pigo la kwanza ni la kugonga, mpira usivuke mstari wa goli juu ya sentimita 46, yaani urefu wa ubao ulio chini ya nyavu. Anayekokota na kurusha hana kikomo hicho, ndiyo maana timu zote kubwa zina mtu wa kazi hiyo, na jina lake ndilo linaloandikwa. Lakini tazama yule anayeusimamisha. Mpira unakuja kwa kasi, walinzi wanamkimbilia waliovaa barakoa usoni, na yeye ana nafasi moja tu ya kuufanya mpira ulale kimya mahali mwenzake anapoutaka. Ukitikisika kidogo, kona imekufa. Katika kikosi changu huyo ndiye ninayemchagua wa kwanza, kabla ya mfungaji.

Kadi nitazitaja kwa kifupi: ya kijani unatoka dakika mbili, ya njano angalau tano, ukipewa nyekundu hutarudi tena, na muda wote huo wenzako wanacheza wakiwa pungufu. Kubadilishana wachezaji hakuna hesabu, mtu anaweza kutoka na kuingia mara nyingi apendavyo kocha. Kwa hiyo ukitolewa baada ya dakika sita usinune. Hata kwenye fainali za dunia wanatolewa hivyo, wanapumzika, wanarudi na kasi mpya.

Wale wanaotaka ukipa, tafuteni picha za fainali ya Kombe la Dunia ya 2018 kule Bhubaneswar, Ubelgiji na Uholanzi. Dakika 60 bila bao, wakaenda kwenye mikwaju, ambapo mshambuliaji anaanzia mita 23 na ana sekunde 8 tu za kumpita kipa. Vincent Vanasch wa Ubelgiji hakimbilii kujilaza. Anabaki juu ya miguu yake, anamsukumia mtu pembeni, anaziacha sekunde zifanye kazi. Ubelgiji ilishinda 3 kwa 2. Mwaka 2021 kwenye Olimpiki ya Tokyo ikarudia hivyo hivyo mbele ya Australia, ikachukua dhahabu, Vanasch akiwa golini tena. Na mkishatazama hiyo, tafuteni ya Olimpiki hiyo hiyo ambapo Afrika Kusini iliifunga Ujerumani 4 kwa 3. Mimi niliitazama peke yangu umeme ulipokuwa umekatika, simu ikiwa na asilimia tisa za moto, nikapiga kelele hadi mama wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Basi Jumamosi saa tisa alasiri mje na soksi ndefu na kitu kigumu cha kuingiza ndani yake mbele ya mguu, hata kama ni vipande vya kandambili za zamani vilivyokatwa vizuri. Mpira wa magongo una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu kama jiwe, kwa hiyo wiki tatu za kwanza tutatumia ule wa tenisi. Gongo lisiinuliwe juu ya bega karibu na mwenzako; kwenye hilo sina msamaha. Atakayefika mapema achukue fagio pale kwa mlinzi, aanzie kwenye mstari wa nyuma, upande wa kulia wa goli, na mawe ayatupe nje kabisa ya uwanja, siyo pembeni, maana pembeni huwa yanarudi.